TAARIFA YA TAWI: BEI YA UMEME NA MAJI ITANGAZWE KABLA, SI BAADA

*Kwa wanachama wote wa Tawi*



Kamati ya Tawi imekaa na msimamo wetu ni huu: kumwambia mwananchi bei mpya siku inapoanza kutumika ni kumkabidhi bili. Taarifa hutolewa kabla, wakati mtu bado ana nafasi ya kuuliza na kujipanga.

Umeme wetu ZECO huununua TANESCO, ukapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, kisha sisi tukaununua kwa TUKUZA. Bei ikitikisika Bara, na sisi tuna haki ya kujua.

Kumbukeni mwishoni mwa Desemba 2016. EWURA iliridhia umeme wa TANESCO upande kwa wastani wa asilimia 8.5, uanze 1 Januari 2017. Siku za kuhesabu kwa vidole! Waziri wa Nishati na Madini akaisimamisha bei hiyo. Wananchi waliokolewa na amri ya mkubwa, hawakuokolewa na utaratibu.

Machi 2017, Rais Magufuli akiwa Mtwara aliagiza wadaiwa wa TANESCO wakatiwe umeme, Zanzibar ikiwamo. Deni lililotajwa lilizidi shilingi bilioni 100. Sisi tunaolipa kabla ya kuwasha taa tukasikia deni la kisiwa kutoka jukwaa la Mtwara!

*Tufanye hesabu.* Nyumba inayotumia shilingi 20,000 kwa mwezi, bei ikipanda asilimia 8.5, itahitaji 21,700 kwa uniti zilezile. Kwa mwaka ni nyongeza ya 20,400. Yaani familia inalipa mwezi wa kumi na tatu. Muuza juisi na mama wa barafu wanastahili kuijua hesabu hii mapema.

Wapo watakaosema gharama zimepanda dunia nzima. Sawa. Hatudai umeme wa bure, na tunajua maji ya ZAWA yanavutwa kwa pampu zinazokula umeme. Lakini ZURA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 2013, hutangaza bei za mafuta kila mwezi na kueleza kwa nini zimepanda au zimeshuka. Linalowezekana kwa petroli linawezekana kwa ndoo ya maji.

Wala wasituambie watu hawafikiki. Agosti 2022 Serikali ilipotaka kutuhesabu kwa sensa, ilitufikia mlango kwa mlango, na masheha walikuwa mbele. Njia ya kuja kutuhesabu ndiyo njia ya kuja kutueleza.

*Tunadai:*

1. Bei yoyote mpya ya umeme au maji itangazwe angalau siku 30 kabla, kwa Kiswahili chepesi.
2. Tangazo libandikwe ofisi ya kila sheha, misikitini na kwenye barza. Redio peke yake haitoshi.
3. Lioneshe bei ya zamani, bei mpya, sababu, na mfano wa nyumba ya kawaida.
4. Diwani na sheha waitishe kikao cha wananchi kabla ya uamuzi, na maoni yaandikwe.

*Kazi yetu wanachama:* mali bila daftari hupotea bila khabari. Kuanzia leo wekeni risiti za TUKUZA na za maji kwa miezi mitatu, mzilete Tawini. Tutazipanga kwenye jedwali bila majina ya watu, na jedwali hilo tutalipeleka kwa sheha na diwani pamoja na madai haya. Tukienda na maneno matupu, tutarudishwa na maneno matupu.

Msiende kumtukana sheha. Naye mara nyingi husikia bei pale pale tunaposikia sisi.

Wenye simu za kitochi wasomeeni. Sambazeni ujumbe huu kama ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kamati ya Tawi
Mji Mkongwe, Unguja