Breki za Pikapu: Madai Saba Yasiyoshika

Ingia kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, useme pikapu yako haishiki breki vizuri. Kabla hujamaliza kueleza utakuwa umeshapewa dawa tatu. Mmoja atakuuzia diski za nyuma, mwingine masta silinda kubwa, wa tatu atakushauri ung'oe kile kivalvu cha juu ya ekseli. Madai haya yanaenea kwa sababu mengi yana chembe ya ukweli. Lakini breki za Hilux, D-Max, Ranger au Land Cruiser zimepimwa kiwandani kama mfumo mmoja, na anayebadilisha kipande kimoja bila kuangalia vingine huweza kulipa pesa nyingi akarudi na gari linalosimama vibaya kuliko mwanzo. Tuyapitie moja baada ya jingine.

1. "Toa dramu za nyuma, weka diski, gari litasimama kwa nusu ya umbali."

Halitasimama. Mwisho wa yote, kinacholizuia gari ni tairi kung'ang'ania lami. Ukikanyaga kwa nguvu na gurudumu likataka kujifunga, au ABS ikaanza kutetemesha pedali, ujue breki zimeshatoa nguvu yote ambayo tairi inaweza kuipokea. Ukiziongezea nguvu, tairi haina pa kuipeleka. Chukua gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu, tairi zikiwa nzima. Tangu breki zishike mpaka gari litulie ni takribani mita 36. Lakini kabla ya hapo macho yameona, akili imeamua, mguu umehama. Ukikadiria sekunde moja na nusu, mita 33 zimeshapita bila breki kuguswa. Karibu nusu ya safari hiyo haina uhusiano wowote na diski wala dramu.

Kwa gari la mzigo, dramu ina heshima yake. Ikizunguka, huivuta shuu mojawapo ijikaze zaidi, hivyo inatoa nguvu kubwa kwa presha ndogo, na handibreki inakaa humo humo ndani. Udhaifu wake ni joto na maji: ikipata moto hupanuka na kuikimbia shuu, pedali ikazama, na ikijaa maji mtoni huchukua muda kukauka. Anayeshuka milima na mzigo kila siku, au anayevuka mito mara kwa mara, ana haki ya kufikiria diski za nyuma. Ila anunue mfumo kamili wenye handibreki yake, na ahakikishe masta na ABS vinakubaliana nao. Magurudumu ya nyuma yakianza kujifunga kabla ya ya mbele, kitako cha gari ndicho kitakachotangulia.

2. "Diski zenye matundu hupoa haraka."

Matundu yanapendeza kwenye rimu iliyo wazi, na faida yake huishia karibu na hapo. Joto la breki huhifadhiwa na chuma chenyewe, kisha huondolewa na hewa. Kutoboa ni kupunguza chuma, na kila tundu ni mahali pa kuanzia ufa diski inapopata moto na kupoa mara kwa mara. Kinachopoza kweli ni nafasi iliyo katikati ya nyuso mbili za diski, yenye mapezi yanayosukuma hewa kutoka ndani kwenda nje. Pikapu nyingi tayari zina diski za namna hiyo mbele. Kama za kwako zimechakaa, nunua nzima za aina ile ile. Unene wa mwisho unaoruhusiwa mara nyingi umeandikwa kwa milimita kwenye diski yenyewe, karibu na kitovu; fundi mwenye kipimo atakuonyesha kama bado ipo ndani ya kiwango au imeshachongwa kupita kiasi.

3. "Masta silinda kubwa inaongeza nguvu ya breki."

Hili ni kinyume kabisa. Presha ni nguvu ya mguu ikigawanywa kwa eneo la pistoni. Ukitoa masta yenye pistoni ya milimita 22.2 ukaweka ya milimita 25.4, eneo linaongezeka kwa karibu theluthi moja, na kwa mguu ule ule presha inashuka hadi kama asilimia 77 ya ile ya awali. Dereva hudanganyika kwa sababu pedali inakuwa fupi na ngumu, akadhani ugumu ndio nguvu. Masta kubwa inahitajika pale tu ulipoweka kalipa zenye pistoni kubwa zinazotaka mafuta mengi zaidi.

Na pedali ikiwa ngumu kama jiwe tangu mwanzo, usikimbilie masta wala pedi. Nenda kwenye busta. Inafanya kazi kwa vakyumu, na kwenye dizeli nyingi za zamani za Toyota, zikiwemo zenye injini ya 1HZ, pampu ya vakyumu imefungwa nyuma ya altaneta. Pampu ikichoka au mpira wake ukipasuka, unabaki na nguvu ya goti lako peke yake. Altaneta ikibadilishwa na nyingine isiyo na pampu, breki ndizo zinazolipa.

4. "Pedi ni pedi, ilimradi iwe ngumu idumu."

Geuza pedi uangalie ubavu wake au mgongo. Katikati ya namba za kiwanda, pedi nyingi zina herufi mbili: EE, FF, GG au mchanganyiko wake. Herufi ya kwanza inaeleza inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, ya pili inavyoshika ikiwa ya moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya GE inashika vizuri asubuhi ukitoka nyumbani, halafu inalegea katikati ya mteremko, pale unapoihitaji. Kwa pikapu ya kazi, FF ni chaguo la busara. Herufi hizi hazisemi lolote kuhusu kudumu.

Alama nyingine ya kutafuta ni herufi E ndani ya duara pamoja na 90R. Hiyo inatokana na Kanuni Namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayodai pedi mbadala ishike kwa kiwango kisichotofautiana na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Bila shaka feki nazo huandikwa chochote, kwa hiyo duka la kuaminika lina thamani kuliko maandishi. Pedi za mashindano usizikaribie: nyingi zinataka zipate moto kwanza ndipo zishike, na mtoto anayekatiza barabara mbele ya shule hatazisubiri.

5. "Mafuta ya breki huongezwa yakipungua, basi."

Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewa, na anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja ana unyevu wa kutosha. DOT 3 mpya lazima istahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na mguu unafika chini bila breki kushika. Ndiyo maana mtu anaweza kufeli breki mlimani, akapumzisha gari nusu saa, kisha fundi asione kasoro yoyote.

Badilisha yote kila baada ya miaka miwili na utoe upepo kwenye magurudumu yote manne. Kuhama kutoka DOT 3 kwenda DOT 4 ni uboreshaji wa bei ndogo kuliko wote uliotajwa hapa. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na usikubali kabisa kumiminiwa oili ya injini au ya haidroliki, maana itaharibu mipira yote ya ndani. Kumbuka pia kwamba kiwango kwenye kopo hushuka taratibu pedi zinapoisha. Ukijaza tu, umejinyima taarifa.

6. "Kile kivalvu cha nyuma hakina kazi, kipitishe pembeni."

Ingia chini ya Hilux ya miaka iliyopita uangalie juu ya ekseli ya nyuma. Utaona chuma chembamba kinachounganisha ekseli na valvu iliyofungwa kwenye fremu. Gari likipakiwa, fremu inashuka, chuma kinasogea, na valvu inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Likiwa tupu, inabana presha ili magurudumu ya nyuma, yasiyo na uzito juu yake, yasijifunge. Fundi akiipitisha pembeni, gari tupu kwenye lami yenye mvua litageuka lilikotoka.

Kosa la pili halionekani haraka. Mwenye gari anaongeza springi nyuma abebe zaidi, au analinyanyua lipite kwenye mashimo. Fremu sasa haishuki kama zamani. Valvu inadhani gari ni tupu hata likiwa na tani nzima, na breki za nyuma zinalala. Halafu analalamika kwamba pedi za mbele zinaisha kila mara. Dawa yake ni kurekebisha urefu wa kile chuma kwa vipimo vya kitabu cha gari, kazi isiyohitaji spea hata moja.

7. "Breki zikiwa nzuri, mlima unashuka nyutro na kuokoa mafuta."

Pikapu yenye mzigo, jumla tani mbili na nusu, ikishuka mita 500 kwenda chini, inatoa nishati ya kuchemsha lita 40 hivi za maji ya bomba. Joto hilo lina njia chache za kupita. Ukiweka gia ndogo, injini inabeba sehemu yake. Ukiweka nyutro, karibu lote linaingia kwenye breki. Kitonga, mteremko wa Mai Mahiu au barabara ya kuteremka kutoka Lushoto havijali bei ya kalipa zako. Na mafuta yenyewe huokoi: injini za kisasa zenye kompyuta hukata mafuta ukiachia pedali ya mwendo huku gari likiwa kwenye gia, lakini kwenye nyutro lazima zinywe ili zisizime. Anayezima injini kabisa anajinyima vakyumu ya busta pia, na akikanyaga mara chache msaada umekwisha.

Je, kuna anayehitaji breki kubwa kweli? Yupo. Aliyeweka tairi zenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 10 amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya breki pale tairi inapogusa barabara. Yupo pia aliyeongeza bodi la chuma, bampa na winchi mpaka gari likazidi uzito liliouzwa nao, na anayevuta trela milimani. Hao waanze na breki za mbele, ambako kazi nyingi hufanyika kwa sababu uzito wa gari hulalia huko linaposimama, na wabadilishe kalipa, diski, pedi na masta kwa pamoja.

Wengine wote waanze kwa kurejesha kilichokuwepo: gari lipandishwe jeki, kila gurudumu lizungushwe kwa mkono, pini za kalipa zilizokwama ziachiwe, silinda za nyuma zinazovuja zibadilishwe, mipira iliyopasuka itolewe, mafuta mapya yawekwe. Kama baada ya hapo bado hujaridhika, rudi dukani na maswali matatu: kifaa hiki kitaathiri vipi presha ya nyuma, handibreki itakuwa wapi, na masta niliyo nayo itakitosha? Muuzaji asipokuwa na majibu, pesa ibaki mfukoni.