Matembezi ya Mashambani: Boma la Thimlich Ohinga

Mkulima wa Homa Bay aliyekwisha palilia, au karani wa Migori aliyechoshwa na kiti cha afisi, hana haja ya kwenda mbali kutafuta matembezi yenye faida. Na awachukue wanawe wakatazame boma la mawe la Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori.

Kuta zake, ambazo mahali pengine hufika kimo cha mita 4, zimesimama kwa muda wa miaka 500 hivi. Hazikutiwa udongo wala chokaa. Mawe yalichaguliwa, yakapangwa nje na ndani, na madogo yakajazwa katikati, hata yakashikana kwa kulaliana. Milango ni mifupi, apitaye sharti ainame. Mwaka 2018 UNESCO iliandika boma hilo katika Urithi wa Dunia.

Lakini ukuta usio na chokaa hauvumilii mchezo. Mtoto apandaye juu yake, au mgeni achukuaye jiwe moja la ukumbusho, hulegeza na mengine yaliyoliegemea. Basi mzazi na awaonye wanawe kabla ya kuingia. Kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, na mafundi wa ukuta huu hawapo tena.