Mizani Peke Yake Haitoshi

Katika kliniki za mama na mtoto, mtoto mchanga hupimwa uzito, hudungwa chanjo, na kadi yake hutiwa alama. Kazi hiyo imeokoa maisha mengi, wala haifai kubezwa. Hata hivyo, ni nadra mno mama kuulizwa swali jepesi: mwanao hupenda nini, na hutulizwa na nani?

Swali hilo si porojo. Katika miaka ya 1954 na 1955, mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth alikuwa akizitembelea nyumba za Waganda vijijini karibu na Kampala, akichunguza jinsi watoto wachanga wanavyoambatana na mama zao. Kitabu chake juu ya uchunguzi huo kilitoka mwaka 1967. Miongoni mwa mambo aliyoyaona ni kwamba akina mama walioweza kuwaeleza watoto wao kwa kinaganaga, bila kuvutwa ulimi, aghalabu ndio waliokuwa na watoto watulivu, wenye kumtegemea mama na kuthubutu kutambaa mbali naye. Elimu hii, ambayo sasa hufundishwa vyuoni duniani kote, kwa sehemu kubwa ilichumwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Ni ajabu kwamba sisi wenyewe hatujaitumia ipasavyo.

Kwa hiyo muuguzi anacho chombo kisichohitaji fedha za kigeni. Mama anayejibu, “Huyu hulia tu,” kisha akanyamaza, huenda amelemewa na sonona ya baada ya uzazi, maradhi ambayo wengi huyaficha kwa kuogopa kuitwa wavivu au kudhaniwa wamerogwa. Mama wa namna hiyo hahitaji kukaripiwa kwa sababu uzito wa mtoto umepungua.

Yaya naye asisahauliwe. Nchini Tanzania, sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, naye akirudi kazini mtoto huachwa mikononi mwa msichana ambaye pengine ataondoka baada ya miezi michache, mwingine aletwe. Wakubwa huliona hilo kuwa badiliko la mfanyakazi. Kwa mtoto ni msiba.

Yapo malalamiko kwamba foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache. Ni kweli. Lakini swali laweza kuulizwa mtoto akiwa bado mizanini, na jibu likaandikwa katika mstari mmoja wa kadi, ili muuguzi wa mwezi ujao aendelee alipoishia mwenzake.