Anayesamehe Ndiye Aliyeua

Mei 2014, nje ya Mahakama Kuu ya Lahore nchini Pakistani, Farzana Parveen alipigwa matofali hadi akakata roho. Alikuwa mjamzito wa miezi mitatu. Baba yake alikuwa amemfungulia mumewe kesi ya utekaji, na siku hiyo Farzana alikuwa anakwenda kueleza kwamba hakutekwa na mtu yeyote, aliolewa kwa hiari yake. Waliompiga walikuwa watu wa nyumbani kwao, baba yake akiwemo, mchana kweupe, umati ukitazama.

Dunia ilimlilia, na mumewe akasimama mbele ya kamera akidai haki. Siku chache baadaye likajulikana jambo jingine. Mume huyo huyo alikuwa amemnyonga mke wake wa kwanza ili apate kumuoa Farzana. Alikamatwa, kisha akaachiwa kwa sababu mtoto wake wa kiume alimsamehe. Mtoto alimsamehe baba kwa kumuua mama, na sheria ikaridhika.

Wengi wakisikia habari za mabinti wanaouawa kwa kisingizio cha heshima ya familia, hufikiria hasira, umaskini na ujinga wa vijijini. Hayo yapo, lakini hayaelezi kwa nini mauaji haya yanajirudia mwaka nenda mwaka rudi. Muuaji amepiga hesabu zake mapema: anajua nani atamsamehe. Sheria ya kisasi na diya iliyoanza kutumika Pakistani mwaka 1990 iliwapa warithi wa marehemu haki ya kumsamehe muuaji au kupokea fidia. Majirani wawili wakiuana kwa ugomvi wa shamba, utaratibu huo unaweza kuzima kisasi cha vizazi. Lakini binti akiuawa na kaka yake, warithi ni akina nani? Ni baba na mama wa kaka huyo huyo. Mwaka 2015 pekee, Tume ya Haki za Binadamu ya Pakistani iliorodhesha karibu wanawake 1,100 waliouawa kwa kisingizio hiki.

Kuhusu huo ujinga wa vijijini, ikumbukwe kesi ya Samia Sarwar. Familia yao ilikuwa ya watu wazito mjini Peshawar: baba mfanyabiashara mwenye jina, mama daktari. Samia alitaka talaka kwa mume aliyempiga, nao wakakataa kwa kuwa talaka ingewaaibisha. Akakimbilia Lahore, akapata hifadhi na wakili, Hina Jilani. Aprili 1999 alikubali kuonana na mtu mmoja tu wa familia yake, mama yake, ofisini kwa wakili huyo. Mama aliingia ameshikiliwa na mwanamume. Wakili alipomtaka mwanamume huyo atoke, mama alisema hawezi kutembea bila msaada wake. Samia akainuka kumsalimu mama. Yule mwanamume akatoa bastola, akampiga risasi ya kichwa. Mama aliyeshindwa kutembea aliondoka kwa miguu yake.

Hakuna mwanafamilia aliyefungwa kwa kifo hicho. Waliotishiwa maisha ni mawakili, Jilani na dada yake Asma Jahangir. Miezi michache baadaye, Seneti ya Pakistani ilishindwa hata kupitisha azimio la kulaani mauaji ya aina hiyo. Elimu ya mama wala fedha za baba hazikumwokoa Samia. Katika nyumba ile heshima ya wote ilikuwa imewekwa juu ya mwili wa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa na kauli.

Julai 2016 ikaja zamu ya Qandeel Baloch, nyota wa mitandao ya kijamii mwenye umri wa miaka 26. Alizaliwa katika familia maskini, akaozwa mapema, akaikimbia ndoa hiyo, akajitafutia riziki na umaarufu kwa video ambazo wengi walizitazama huku wakimtukana. Wiki chache kabla ya kifo chake aliomba ulinzi serikalini, hakuupata. Kaka yake Waseem alimnyonga akiwa amelala nyumbani kwa wazazi wao, Multan, kisha akawaambia waandishi wa habari kwamba hajuti. Baba yao alieleza kwa uchungu kwamba binti huyo ndiye aliyekuwa akiwalisha wote, hata huyo kaka.

Safari hii serikali ilisimama yenyewe kama mlalamikaji, na Oktoba mwaka huo Bunge likapitisha sheria mpya: hata familia ikisamehe, muuaji wa aina hii afungwe maisha. Ilionekana mlango umefungwa. Mwaka 2019 wazazi waliomba wana wao wasamehewe, mahakama ikakataa na Waseem akahukumiwa maisha. Februari 2022 Mahakama Kuu ikamwachia huru. Ungamo lake lilionekana halina nguvu kisheria, na msamaha wa mama ukapata nafasi. Ili sheria mpya ifanye kazi, lazima kwanza hakimu akubali kwamba mauaji yalifanywa kwa kisingizio cha heshima. Akiona ni mauaji ya kawaida, msamaha wa zamani unarudi.

Wapo wanaokimbilia kuutupia Uislamu lawama. Qurani, katika Sura An-Nur, inamtaka anayemtuhumu mwanamke mwenye staha alete mashahidi wanne, na asipowaleta apigwe yeye mijeledi 80. Kaka anayeua kwa sababu ya picha au uvumi hana pa kuegemea humo. Na Italia, nchi ya Kikatoliki, hadi mwaka 1981 ilikuwa na sheria iliyompa kifungo cha miaka 3 hadi 7 tu mwanamume aliyemuua mke, binti au dada kwa hasira ya kuchafuliwa heshima. Huko pia, mbakaji aliyemuoa aliyembaka alifutiwa kosa. Mwaka 1966 msichana wa Sicily, Franca Viola, alikataa ndoa ya namna hiyo na kumfikisha mbakaji mahakamani. Baba yake alisimama naye, ingawa familia ilitishwa na mazao yao yakachomwa moto. Baba mmoja aliyekataa aibu ya bandia aliwasaidia mabinti wa nchi nzima.

Msomaji wa Afrika Mashariki asiyaone haya kama mambo ya mbali. Garissa, Wajir na Mandera nchini Kenya, kesi za ubakaji zimekuwa zikimalizwa kwa maslaha: wazee wanakaa, ukoo unalipa ukoo mwingine, msichana anarudi nyumbani bila kuulizwa neno. Mijini na pwani maneno ni mengine, "tuyamalize nyumbani", lakini kikao ni kile kile. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, kifungu cha 40, haikumpa polisi wala mzazi uamuzi wa kusimamisha kesi hizi. Uamuzi huo ni wa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali. Kwa hiyo familia ikija kituoni kuomba jalada lifungwe kwa kuwa wameshaelewana, ofisa wa zamu akatae, kisha aulize binti mwenyewe yuko wapi na usiku huo atalala kwa nani.