Tyuna ya mkononi, pikapu ya ami, na faili ambalo hakuna aliyelihifadhi

Nimekuwa kimya karibu miezi miwili, na wachache wenu wameniuliza kama nimehama Mkomani. Sijahama. Nilikuwa nahangaika na gari, tena si langu.

Ami yangu ana pikapu ya dizeli yenye turbo, ya mwaka 2013. Mara tatu kwa wiki hutoka hapa alfajiri na nazi na mifuko ya unga, hupanda nayo hadi Wundanyi, kisha hurudi na kabeji na nyanya za Taita kuja kuziuza soko la Kongowea. Ni kama kilomita 200 kwenda na nyingine 200 kurudi. Nyumba nzima ya watu saba inaitegemea pikapu hiyo.

Mapema mwaka huu ilianza kuchoka. Ukitoka Mwatate kuanza kupanda zile kona, gari linakohoa, linatoa moshi kidogo, na matatu zinampita ami huku makondakta wakimpungia mkono. Siku moja akanipigia simu:

"Mwanangu, kuna kijana hapa ana kimashine cha mkononi. Yuwasema akikichomeka tu, gari litaongeza nguvu asilimia thelathini na mafuta yatapungua. Wewe ndiwe mtu wa kompyuta. Waonaje?"

Nilikuwa na kazi ya mteja mbele yangu. Nikamjibu bila kuondoa macho kwenye skrini: "Ni programu tu hiyo, ami. Ikikataa atarudisha ya zamani."

Jibu hilo ndilo linaloniandikisha leo.

Kwa wasio wa fani: magari ya siku hizi yana kompyuta ya injini (wapenzi wa neno tarakilishi mnisamehe). Kwenye dizeli ya kisasa ndiyo inayoamua mafuta yapulizwe kiasi gani, kwa presha gani, wakati gani, na turbo isukume hewa kiasi gani. Maamuzi hayo yako kwenye majedwali marefu ya namba. Tyuna ya mkononi ni kijikompyuta kidogo cha ukubwa wa simu nene. Unakichomeka kwenye tundu la OBD chini ya usukani, lile lenye pini 16, nacho kinafuta majedwali ya kiwandani na kuandika mengine. Kwa lugha yetu sisi waandika programu, unaweka toleo jipya kwenye mashine ambayo iko kazini na haina mashine ya majaribio.

Wiki mbili za kwanza ami alikuwa na furaha kama aliyenunua gari jipya. Makondakta waliacha kumpungia. Moshi mweusi ulikuwepo, lakini kijana alimwambia moshi ndiyo dalili ya nguvu. Wiki ya tatu, akiwa amebeba nyanya, turbo ilikufa Maungu. Kreti zililala kando ya barabara usiku mmoja na mchana mmoja wa jua la pale. Mnaolijua jua la Maungu hamhitaji kuelezwa zilivyofika Kongowea.

Fundi alipofungua alitoa paipu ya mpira inayopeleka hewa kutoka turbo kwenda kwenye injini, akaikunja kidogo, na ufa ukafunguka kama mdomo. Ufa ule ulikuwa wa zamani. Gari lilikuwa linachoka kwa sababu hewa ilikuwa inavuja! Turbo ilikuwa inazunguka kupita kiasi ili kuufidia ufa, halafu sisi tukaja na kimashine, tukaongeza mafuta mahali palipopungua hewa. Mafuta yasiyopata hewa ya kutosha ndiyo ule moshi mweusi. Mafuta yakizidi, moshi wa kutolea nao huwa moto zaidi, na kinachoungua mbele kabisa ni turbo.

Paipu mpya ilikuwa shilingi 4,500. Kijana wa kimashine alilipwa 15,000. Turbo ya mtumba, 65,000. Nyanya sitaki kuzihesabu.

Kinachoniuma ni kwamba ufa ule ungeonekana bila kufungua hata skurubu moja, kwa kidude nilichokuwa nacho kwenye droo. Mnakijua: kile cha Bluetooth kinachoitwa ELM327. (Kisa kizuri kwa wapenda historia: chipu ya asili ilitoka Kanada, kampuni ya Elm Electronics. Toleo la kwanza halikuwekewa kinga dhidi ya kunakiliwa, likanakiliwa dunia nzima. Vidude vingi mitaani vinajitambulisha kama toleo 1.5, toleo ambalo Elm wenyewe hawakuwahi kulitengeneza.) Bandia au si bandia, kwa kusoma tu kinatosha. Unakiuliza 010B, yaani presha ya hewa inayoingia kwenye injini, kinajibu mfano 41 0B 65. Ile 65 ni namba ya mfumo wa kumi na sita. Kwa hesabu ya kawaida ni 101. Kilopaskali 101 ndiyo presha ya hewa usawa wa bahari, kwa hiyo ukiwasha swichi hapa Mkomani bila kuwasha injini, ndicho unachopaswa kukiona. Ukipanda mlima na mzigo, turbo nzima hupandisha namba hiyo mbali sana. Baada ya matengenezo nilipanda na ami hadi Wundanyi na simu mkononi, nikaona ikifika D2, yaani 210. Kama ningepanda naye kabla, ningeiona imekwama chini. Sikupanda. Nilikuwa na kazi ya mteja.

Turbo mpya ikafungwa, paipu mpya ikafungwa, na moshi mweusi bado uko pale pale. Kwa nini? Kwa sababu majedwali ya kijana bado yamo ndani. Basi nikaenda kumtafuta anirudishie faili la asili.

Hakuwa nalo. Hakuwahi kuwa nalo.

Hapa ndipo nilipojua kwamba "itarudishwa ya zamani" lilikuwa neno la mtu asiyejua anachokisema. Kompyuta nyingi za injini hukubali kuandikwa kupitia tundu la OBD lakini hazikubali kusomwa yale majedwali. Mwenye kifaa halali hupata faili la kiwandani kutoka kwenye seva ya aliyekitengeneza kifaa, kwa kulinganisha namba ya programu ya gari. Kifaa cha kijana kilikuwa nakala ya bei rahisi, na nakala haifiki kwenye seva hiyo. Kwa hiyo alipakua mtandaoni faili la gari "linalofanana", akaliandika. Limefanana kweli, maana injini iliwaka. Lakini lilikuwa limeandaliwa kwa ajili ya gari lingine, pengine na mafuta mengine. Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu na nozeli, na mnakumbuka kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu watu walikuwa wanayachanganya na dizeli. Mtu aliyeandaa majedwali yale huko aliko hakuyafikiria hayo.

Sitaki mnielewe vibaya. Mimi ni mtu wa programu huria na siamini kwamba kompyuta ya gari lako iwe sanduku ambalo mwenye kiwanda pekee ana ufunguo wake. Septemba 2015 tulijua kwamba Volkswagen waliandika programu ya kudanganya vipimo vya moshi, na wakakiri kwamba magari kama milioni 11 yalikuwa nayo. Mwezi uliofuata, Oktoba 2015, Marekani iliruhusu wenye magari kuvunja kufuli za programu ili kuchunguza, kutengeneza na kubadilisha magari yao kwa njia halali. Niliufurahia uamuzi ule, na bado naufurahia. Huko kwao uhuru huo una uchafu wake pia: Novemba 2020 mamlaka yao ya mazingira, EPA, ilikadiria kwamba kwa miaka kama kumi pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa mitambo ya kupunguza moshi, na tyuna za namna hii ndizo zinazoiambia injini isiulize mitambo hiyo imekwenda wapi.

Hata hivyo tyuna nyingi za mkononi za huko, zilizotengenezwa kwa pikapu zao kubwa, zina adabu moja: kabla ya kuandika chochote hulihifadhi faili la kiwandani ndani ya kifaa, kisha hujifunga kwa gari hilo moja mpaka ulirudishe kama lilivyokuwa. Sisi tumeagiza tamaa ya nguvu, adabu tukaiacha.

Na adabu yenyewe si ngeni kwetu. Ukibadilisha breki pedi kwa fundi yeyote Kisauni au Changamwe, anakuwekea zile za zamani kwenye boksi la mpya uzione. Ni zako. Mbona tukibadilishiwa programu hatuulizi ya zamani iko wapi? Ninachotaka ni kidogo tu. Anayetaka kuliandikia gari lako akupe kwanza faili la asili kwenye flashi, na namba ya programu iliyosomwa kutoka kwenye gari hilo hilo, mbele yako. Akishindwa, asiliguse. Na kabla ya hapo asome: presha ya hewa, joto la maji, presha ya mafuta, gari likiwa na mzigo na mlima mbele yake, si likiwa limesimama chini ya mwembe.

Kijana si mwizi. Tulikaa naye saa mbili kibandani, nikamwonyesha kusoma hizo namba za kumi na sita, na alishika haraka kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha. Mwishoni akaniuliza: "Na gari lisilokubali kusomwa, mkubwa?" Nikamwambia hilo uliache. Akacheka. Akasema mteja atavuka barabara na kwenda kwa mwenzake, na mwenzake hatauliza lolote. Sikuwa na jibu la hilo, na hadi leo sina.

Faili la asili tulilipata baada ya wiki tatu, kwa fundi mmoja wa Nairobi mwenye kifaa halali. Namba ya programu ya gari ni ile ile herufi kwa herufi. Moshi umekwisha, na nguvu zimerudi zile za kiwandani. Makondakta bado wanampita ami pale Mwatate, lakini kwa taabu kidogo.

Nakala mbili za faili ziko kwangu. Ya tatu iko kwenye flashi ndogo aliyoifunga kwenye ufunguo wa gari. Hajui ndani mna nini hasa. Anaiita hirizi.