Mbegu safi ya muhogo: Maabara pekee haitoshi

KATIKA maabara kubwa duniani, watafiti hutumia vifaa vyenye mifereji myembamba kama unywele kutenganisha seli moja na nyingine. Seli moja hunaswa katika kijumba chake, hulishwa na kugawanyika hadi kuwa ukoo mzima wenye asili moja.

Kinachotafutwa ni uhakika. Mtafiti anajua kuwa kizazi chote kimetokana na mzazi mmoja.

Jambo hilo si geni kwa mkulima wa muhogo wa Kibaha au Kisarawe, mkoani Pwani. Akikata pingili na kuzipanda, hupata mimea yenye vinasaba sawa na shina mama.

Tatizo ni kwamba pingili hubeba pia maradhi ya mama yake. Virusi vya batobato na vya michirizi ya kahawia husafiri ndani ya shina, na inzi weupe huvieneza kutoka mmea hadi mmea.

Michirizi ya kahawia, iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanga, ina hila zaidi. Shamba linaweza kuonekana zuri, kumbe mizizi imeoza ndani. Mkulima hugundua siku ya kuvuna, chakula na fedha vikiwa vimekwisha kupotea.

Kukuza muhogo mzima kutoka seli moja bado ni kazi ngumu. Njia iliyozoeleka ni kukata ncha changa ya chipukizi, ambayo mara nyingi haina virusi, na kuiotesha ndani ya chupa.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Kibaha, kinachofahamika kwa utafiti wa miwa, kimeshughulikia pia muhogo. Miongoni mwa aina zilizoenea Pwani ni Kiroba, inayostahimili michirizi ya kahawia. Hata hivyo, kustahimili si kukosa virusi. Mmea huo unaweza kuvihifadhi na kuvipitisha kwa jirani.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Mche uliotoka maabara ukiwa safi huambukizwa upya ukipandwa kando ya shamba linaloumwa.

Kwa hiyo mashamba ya mbegu yanahitaji kutengwa, kukaguliwa na kung'olewa mimea yenye dalili mapema. Bila ya hayo, kifaa cha kisasa kitazalisha usafi usiofika Kisarawe, na mkulima ataendelea kuomba pingili kwa jirani bila ya kujua anapokea nini.