Cheti cha baba hakitoshi?

Haya wadau, leo nimerudi hosteli na hasira, mnivumilie. Nilienda kuomba pasipoti, si mnajua darasa letu lina safari ya Nairobi. Nikapanga mezani cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na cheti cha uraia cha baba. Jamaa akasoma "Litapunga", akanyanyua macho: "Aah, kule kwa Warundi! Kalete barua ya kijiji kwanza."

Barua ya nini jamani? Babu aliingia 1972 akikimbia mauaji Burundi, akapewa shamba makazi ya Katumba, enzi hizo pori tupu. Baba kazaliwa hapohapo. Mwaka 2010 serikali ilikubali maombi ya uraia ya watu kama 162,000, na uraia wa Burundi wakatakiwa waukane. Vyeti je? Vikakwama mpaka Oktoba 2014, Rais Kikwete alipoanza kuvigawa, maana kwanza walitakiwa wahame makazi. Miaka minne mzee wangu kaukana uraia wa huko, na wa huku hana karatasi!

Sikatai kukaguliwa, waongo wapo. Lakini cheti kina namba na rejista wanayo wao. Kagua namba, usikague kijiji. Wa kutoka Moshi mbona haulizwi babu yake alitokea wapi?

Wenzetu wa Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2014 wanavukiana mipaka kwa kitambulisho tu. Mimi bumu lote linaishia kwenye basi la Mpanda, kufuata barua ambayo sheria haijaitaja. Kesho narudi palepale, nitamwomba anionyeshe kifungu.